Ligi ya Mtu Mmoja

Ijumaa inapokaribia saa kumi na moja jioni, saa ambayo maofisini watu hukodolea macho kompyuta ili waonekane wapo, swali hutua kwenye grupu letu: "Wazee, wikendi hii mnacheza nini?" Tuko saba, tulisoma pamoja, na sasa tumetawanyika Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na mmoja Muscat. Hakuna aliye chini ya miaka thelathini na mitano. Majibu huja upesi kuliko majibu ya mchango wa harusi. Mmoja anaanza Elden Ring upya, na safari hii hataki kuomba msaada wa mtu. Mwingine anaendelea na Baldur's Gate 3. Wa tatu, mhasibu, anajibu kama anavyojibu kila Ijumaa tangu anunue PlayStation 4 ya mtumba: "Red Dead." Maana yake ni Red Dead Redemption 2, gemu ya genge la majambazi wapanda farasi wa Marekani ya mwaka 1899. Inaanzia milimani, ndani ya tufani ya theluji, na sehemu hiyo ya mwanzo ni ya saa mbili tatu tu. Mhasibu bado yuko kwenye theluji.

Wa Muscat hujibu mwisho, tena kwa wakati uliopita. Oman ilihamisha mapumziko yake ya wiki kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013, kwa hiyo sisi tukipanga, yeye nusu ya wikendi imeshamponyoka. Huandika, "Nilikuwa nicheze." Ni jibu la kweli kuliko yote, ndiyo maana hakuna anayeliwekea hata emoji.

Kwa muda mrefu nimejiuliza swali hilo linatafuta nini. Habari haliwezi kuwa linatafuta, maana majibu tunayajua. Shabiki wa Yanga haulizwi Ijumaa atatazama nini Jumapili. Ratiba ilishatoka, redio zimeshabishana wiki nzima, kazi yake ni kufika kibandaumiza mapema apate benchi lisiloyumba. Mtu wa kanisani ana kengele, wa msikitini ana adhana. Mcheza bao hatangazi chochote: baraza lipo, kete zipo, mpinzani wake wa miaka ishirini amekwishakaa, naye anafika tu na kuanza kulalamikia zamu. Wote hawa wana kitu nje yao kinachowaita. Mtu mzima mwenye konsoli sebuleni hana wa kumwita. Asipojipigia kengele mwenyewe, Jumapili usiku itamkuta anapiga pasi sare za watoto huku mashine ikikusanya vumbi chini ya runinga. Ndipo anapotangaza. Tangazo la Ijumaa ni ratiba ya ligi ya mtu mmoja: timu moja, uwanja mmoja, na mechi zinazoahirishwa kwa sababu ambazo bodi ya ligi haizitoi hadharani.

Haikuwa hivi kwetu sote tangu mwanzo. Mwaka 2005 au 2006, gemu ilikuwa na mahali, na mahali hapo palikuwa kibanda cha mabati chenye TV nne za chogo, PlayStation 2 zilizofungwa kwa waya ili zisitembee, na kijana mmoja mlangoni mwenye daftari na sura ya mkaguzi wa mahesabu. Sarafu ya shilingi 200 ilinunua mechi moja ya Fifa. Mshindi anabaki, aliyefungwa anaachia pedi na kurudi nyuma ya benchi. Uchaguzi wa gemu haukuwa wako. Ulichagua mpira kwa kuwa waliokutangulia walichagua mpira, na kwa kuwa kulikuwa na watu kumi nyuma yako waliokuwa wakihesabu makosa yako kwa sauti. (Jina hilo, kwa njia, limedumu kuliko mkataba wake. Gemu za mpira za EA zilibeba jina la FIFA tangu 1993 hadi FIFA 23, kisha mwaka 2023 zikageuka EA Sports FC. Mtaani bado ni Fifa, kama dawa yoyote ya meno inavyoweza kuwa Colgate.)

Pembeni kulikuwa na TV ya nne, ya gemu ya San Andreas, iliyolipiwa kwa nusu saa. Hapo walikaa wale wasiopenda kuzomewa. Tatizo lilikuwa memori kadi. Ilikuwa na uwezo wa megabaiti 8, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, na wepesi wa kuingia mfukoni mwa mtu, hivyo mwenye kibanda aliiacha nyumbani kwake. Bila memori kadi hakuna kuhifadhi ulipofikia. Kila nusu saa ilianza upya: Carl Johnson anarudi Los Santos kumzika mama yake, polisi wanampora pesa, wanamtupa kwenye kichochoro, naye anaokota baiskeli kwenda mtaani kwao. Kwa miaka miwili nilimfahamu Carl Johnson kama mtu wa baiskeli. Baadaye sana ndipo niliposikia kwamba kijana yule anafika hadi kurusha ndege, nikahisi kama mtu aliyeambiwa kuwa mshikaji wake wa darasa la tatu sasa ni balozi.

Wakati ule mtu angekuuliza Ijumaa utacheza nini, ungemwona mgonjwa. Utacheza kilichopo, zamu yako ikifika, kama hujatumwa dukani. Foleni ndiyo iliyokuwa ratiba, na foleni ilikuwa na mashahidi. Ukikosa kuja, mtu aliuliza. Ukifungwa mabao sita, mtaa ulijua kabla hujafika nyumbani.

Sasa kila mmoja wetu ana mashine yake na maktaba ya gemu ambazo hataweza kuzimaliza akiwa hai. Foleni imehamia ndani ya mtu.

Tuchukue hesabu, kwa kuwa mhasibu wetu hataki kuichukua. Hadithi kuu ya Red Dead Redemption 2 peke yake, bila kuvua samaki wala kucheza karata kambini, hula kama saa 50. Jumamosi yake asubuhi ni jumuiya. Mchana ni gereji, ambako fundi amesema "nusu saa tu, bosi." Saa kumi kuna kikao cha harusi kinachoanza saa kumi na mbili. Jumapili ni ibada, kisha wageni, kisha sare za shule. Kinachobaki ni Jumamosi usiku, saa nne hadi saa sita, watoto wakiwa wamelala na nyumba ikiwa bado inamdai mtu mazungumzo. Saa mbili kwa wiki, saa 50: wikendi 25. Nusu mwaka, bila msiba hata mmoja katikati, jambo ambalo ukoo wangu haujawahi kuliweza.

Na hizo saa mbili si saa mbili kamili. Konsoli iliyolala wiki tatu haiamki kwa furaha. Inadai kusasishwa kwanza. Gemu yenyewe kwenye PlayStation 4 ilikuja na diski mbili, moja ya kupakia na moja ya kuchezea, na inataka nafasi isiyopungua gigabaiti 100. Unakaa na chai yako ukitazama mstari wa asilimia ukitambaa, bando likiyeyuka, na mita ya Luku ukutani ikianza kulia kwa sauti ile ya kistaarabu inayomaanisha kwamba hukuisikiliza tangu mchana. Saa tano na dakika ishirini farasi anatokea kwenye skrini. Umesahau kitufe cha kumpanda.

Nilipomuuliza mhasibu kwa nini haongezi saa za Jumapili, alinijibu kwa hoja ya lugha. Wikendi, alisema, tunaiita mwisho wa juma, lakini hesabu ya siku zetu inaanzia hapohapo: Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ni ya pili. Mswahili alishaambiwa na jina lenyewe kwamba siku hizo ni za kuanza kazi. Ni hoja nzuri mno kwa mtu anayetafuta udhuru, na sijapata ya kuivunja.

Watengenezaji wa gemu walikwishalitambua tatizo hili la wito, na wamelishughulikia kwa namna zao. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Japani. Dragon Quest III ilitoka tarehe 10 Februari 1988, Jumatano. Foleni zilizunguka maduka, nakala zaidi ya milioni moja zikaondoka siku hiyohiyo, na wanafunzi karibu 300 wakakamatwa kwa utoro wa shule. Tangu hapo watu husimulia kwamba bunge la Japani lilipitisha sheria ya kupiga marufuku kuuza Dragon Quest siku za kazi. Hakuna sheria hiyo. Iliyofuata, Dragon Quest IV, ilitolewa Jumapili, tarehe 11 Februari 1990, kwa uamuzi wa kampuni yenyewe. Siku hiyo ulimwengu uliobaki ulikuwa umekodolea macho lango la gereza la Victor Verster, akitoka Mandela. Japani ilikuwa na foleni yake. Uvumi wa sheria umeishi muda mrefu kwa sababu unamtia mtu moyo: unadhani kuna serikali iliyowahi kukubali, kwa maandishi, kwamba gemu inaweza kushindana na Jumatano.

Serikali iliyoandika kweli ni ya China. Tangu Septemba 2021, kanuni inawaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza gemu za mtandaoni saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, basi. Jumla ni saa tatu kwa wiki ya kawaida. Kanuni ilipotangazwa, magazeti mengi yaliiandika kama habari ya kutisha. Nilipoipigia hesabu niligundua kwamba kijana wa Chengdu ametengewa na dola saa moja zaidi ya ninazozipata mimi, baba wa watoto wawili, katika nchi huru.

Sasa angalia gemu kubwa zinavyotoka siku hizi: Breath of the Wild, Machi 2017, Ijumaa, Red Dead Redemption 2 yenyewe, Oktoba 2018, Ijumaa, Elden Ring, Februari 2022, Ijumaa, Tears of the Kingdom, Mei 2023, Ijumaa. Mtu akichukua ruhusa ya ugonjwa siku hiyo, ugonjwa wake una jina na bei.

Lakini waliokwenda mbali zaidi ni watu wa Fifa. Katika FIFA 17 waliingiza mashindano ambayo wachezaji waliyaita mara moja Weekend League: unajipatia nafasi katikati ya wiki, kisha kati ya Ijumaa na Jumapili unacheza mechi 40. Mechi moja ni dakika 12 za saa ya ukutani, ukiacha kupakia, marudio ya mabao, na mpinzani anayesimamisha mchezo kwa makusudi ili ukasirike. Mara 40 ni saa nane za mpira mtupu. Baadaye zilipunguzwa kuwa 30, kisha 20, maana hata wasiofanya kazi walilalamika. Zawadi hutolewa kwa idadi ya ushindi, na zawadi hizo hukupa wachezaji wa kutumia wikendi inayofuata. Hapo ndipo kengele ilipotoka mkononi mwa mcheza gemu. Ameletewa ratiba kama ya shabiki wa Yanga, tofauti ikiwa kwamba shabiki wa Yanga akikosa mechi, mechi inachezwa bila yeye.

Mmoja wetu, wa Mwanza, aliingia humo misimu miwili. Ijumaa zake aliacha kujibu swali la grupu, alituma namba tu: "14 kati ya 20." Tulimpongeza mwanzoni. Halafu tukaona kwamba hasemi tena anacheza nini, anasema anadaiwa nini. Alipoacha, jibu lake la kwanza lilikuwa refu kuliko yote aliyowahi kuandika, kuhusu gemu ya zamani ya kuendesha malori aliyotaka kuirudia, barabara za Ulaya usiku, redio na mvua. Hakuicheza. Lakini ilikuwa ni furaha kumsoma akitaka kitu.

Katika yote yanayotangazwa, kuna jamii nzima ya gemu ambayo haitajwi kamwe. Sijawahi kusikia mtu akisema, "Wikendi hii, Candy Crush." Gemu hiyo ipo tangu 2012, na nimeiona mikononi mwa watu kwenye mwendokasi, kwenye foleni za benki, na mara moja kwa mzee wa kanisa wakati wa matangazo. Inachezwa kuliko zote tunazozitaja, labda ukiziweka pamoja, lakini haina wa kuikiri. Kutaja gemu Ijumaa ni kuchagua nguo ya kutokea. Elden Ring ni suti: ngumu, inabana, ya watu wenye subira na wasioogopa kufa mara arobaini kwa adui mmoja. Candy Crush ni kanga ya nyumbani, na hakuna anayemwambia mgeni kwamba wikendi nzima atakuwa ndani ya kanga.

Dada yangu, muuguzi, hayumo kwenye grupu na hana muda wa mambo yetu. Yeye hucheza Stardew Valley kwenye simu baada ya zamu ya usiku. Ni gemu ya shamba, iliyotengenezwa na kijana mmoja wa Marekani, Eric Barone, aliyejifungia zaidi ya miaka minne akichora, akiandika programu na kutunga muziki peke yake hadi ilipotoka mwaka 2016. Siku moja ndani yake ni kama dakika 14: unaamka saa kumi na mbili asubuhi, unamwagilia, unavua, unauza, na ikifika saa nane usiku hujalala, mkulima wako anaanguka palepale na kuamka kesho akiwa amepungukiwa nguvu na pesa. Dada anaipenda kanuni hiyo kwa hasira. Anasema ni mwajiri wa kwanza aliyemwona anayejali mtu akikesha. Ana pia robo ekari ya mihogo huko Mkuranga, ya kweli, na palizi yake imechelewa. Nilipomtajia hilo alinitazama, akaniambia shamba la kwenye simu halina nauli.

Yeye hatangazi kwa sababu hahitaji. Dakika 14 zinaingia popote. Anayelazimika kutangaza ni yule aliyechagua gemu isiyoingia popote.

Valve, wenye duka la Steam, walitoa hesabu za mwaka 2024 zilizoonyesha kwamba asilimia 15 tu ya muda uliochezwa humo ilikwenda kwenye gemu zilizotoka mwaka huo. Asilimia 37 ilikwenda kwenye gemu zenye miaka minane au zaidi. Watu hununua kipya na kurudi kwa kikuukuu. Hilo halinishangazi hata kidogo. Saa nne usiku, mtu aliyetoka kikao cha harusi ambacho kimeongeza bajeti ya keki hana nguvu ya kujifunza vitufe vipya. Anafungua Fifa, anachagua timu ileile, anafungwa au kufunga, anazima. Ijumaa alisema Baldur's Gate 3, na alikuwa anamaanisha. Aliyesema na aliyeshika pedi si watu wawili. Ni mtu mmoja kabla na baada ya Jumamosi.

Mke wangu huliona hili kuwa ni uongo mdogo wa kila wiki. Shemeji yake mmoja, msomaji wa magazeti, hulitaja Shirika la Afya Duniani, ambalo limeuweka ulevi wa gemu katika orodha yake ya maradhi inayotumika tangu Januari 2022. Nimesoma dalili zake: mtu kushindwa kujizuia, gemu kupewa kipaumbele juu ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12. Sina mzaha na ugonjwa huo; nimeona kijana aliyefikishwa pabaya. Ila grupu letu linaugua kinyume chake. Kwetu mambo mengine yote ya maisha yamepewa kipaumbele, tena kwa miaka, na tumeendelea licha ya madhara.

Kwa upande wangu sioni uongo. Mwalimu wangu wa madrasa alitufundisha kwamba nia mahali pake ni moyoni, haihitaji kutangazwa. Hakuwa na PlayStation. Nia ya kucheza inayokaa moyoni hufa Jumamosi saa tatu asubuhi, simu ya kwanza ya mjomba inapoingia. Iliyotamkwa mbele ya watu sita hufa pia, lakini hufa na mashahidi, kama mabao sita ya kibandani. Na Jumatatu hakuna anayeuliza. Hilo nimelichunguza: katika miaka yote ya grupu, hakuna Jumatatu hata moja mtu aliyedaiwa hesabu. Swali ni la Ijumaa tu, na kila Ijumaa linaulizwa kama vile zilizopita hazikuwahi kuwepo, kama Carl Johnson anayeanza upya na baiskeli yake.

Wiki iliyopita nilijibu kwamba nitacheza Hades. Nilicheza karata na mwanangu, ambaye ameanza kuiba. Wa Muscat aliandika "Nilicheza," si "Nilikuwa nicheze," na tukamrushia emoji saba, moja ikiwa yake mwenyewe. Mhasibu alichelewa kujibu hadi tukadhani amefiwa. Saa mbili usiku akaandika neno lake, "Red Dead." Mtu wa Mwanza, kinyume na desturi, akamuuliza amefika wapi.

Tuliona anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Theluji," akajibu, "imeanza kuyeyuka."